INCHI INAKUA, LAKINI NANI ANASHIKA KIJIKO?



Siku moja ya Jumatatu, nyuma ya kupandisha bendera, nilisoma mbele yenu liste ya wale ambao walikuwa hawajamaliza minervali. Ni kazi ya kapita, hata kama haimpendezi. Mtoto mmoja wa kalasi ya saba alitoka mu mstari, akaokota mfuko wake, akanikaribia. Hakulia. Aliniuliza tu: «Kapita, ku radio balisema inchi yetu ilikomea na asilimia munane mu mwaka moja. Sasa, mbona feza ya papa yangu haikomee?»

Sikuwa na jibu. Nilimwambia: «Enda nyumbani, utarudi.» Akaenda. Lakini swali lake lilibaki na mimi kwa bweni, likanisumbua mpaka usiku. Mimi ni finalisti, ninasoma uchumi, nina miaka 18, ninaweza kupiga kura. Kama mimi siwezi kumjibu mtoto wa kalasi ya saba, nimesoma nini? Basi nilimuuliza mwalimu wetu, nikasoma vitabu vya biblioteki, nikahesabu. Leo ninawaandikia yale niliyoelewa. Tuende pole pole, hata wadogo wafuate.

1. KUKUA KWA UCHUMI NI KITU GANI?

Kila mwaka watu wa hesabu wanajumlisha thamani ya vitu vyote na kazi zote zilizofanywa ndani ya inchi: mahindi, shaba, simenti, safari za kamyo, kazi ya mwalimu, nywele zilizosukwa, nguo zilizoshonwa. Jumla hiyo inaitwa pato la inchi. Ku radio mnaisikia kwa jina la PIB. Kama nyuma ya kuondoa kupanda kwa bei jumla ya mwaka huu inapita ile ya mwaka jana, tunasema uchumi umekua.

Sasa mushike bic, tufanye hesabu ndogo. Tuseme kijiji kina watu 5. Mmoja anapata 60. Wale wanne wengine, kila mmoja anapata 10. Jumla ni 100. Mwaka unaofuata yule wa kwanza anapata 68, na wale wanne wanabaki na 10, 10, 10, 10. Jumla ni 108. Uchumi wa kijiji umekua kwa asilimia 8!

Radio haikudanganya. Hesabu ni ya kweli. Lakini ukipita nyumba kwa nyumba, ku nyumba nne watakuambia: «Sisi hatukuona kitu.» Nao vilevile hawadanganyi. Wanaweza hata kukutolea wastani: 108 ukigawanya kwa 5 ni 21 na kitu. Lakini katika kijiji hiki hakuna hata mtu mmoja ambaye anapata 21. Wastani ni mtu ambaye hajazaliwa.

Hii si maneno yangu tu ya kujitafutia sifa. Simon Kuznets, mtaalamu wa uchumi wa Marekani, ni mmoja wa wale waliotengeneza njia ya kuhesabu pato la inchi. Mwaka 1934 alipopeleka hesabu zake mbele ya Baraza la inchi yake, aliwaonya yeye mwenyewe kwamba jumla hiyo haitoshi kujua kama watu wanaishi vizuri. Mwenye kutengeneza kilo alisema: kilo yangu inapima uzito, haipimi utamu. Watu walichukua kilo, onyo wakaliacha.

Kwa kupima mgawanyo kuna kipimo kingine, ambacho kilitungwa na Muitalia Corrado Gini mwaka 1912. Kinaenda toka 0 mpaka 100. Kama watu wote wanapata sawasawa, ni 0. Kama mtu mmoja anachukua vyote na wengine hawana kitu, ni 100. Mushike jina hili la Gini, tutalikuta tena mbele.

Jambo la mwisho: watu nao wanaongezeka. Kongo inaongezeka karibu watu 3 kwa kila watu 100 kwa mwaka. Uchumi ukikua kwa 8, tatu za kwanza ni za kulisha midomo mipya. Njo maana inchi inaweza kukua na mtu akabaki palepale.

2. MAMBO YA JIKO LETU

Kabla ya kusema juu ya wakubwa wa inchi, niseme juu ya sisi wenyewe. Wale wa bweni wanajua hadisi hii, lakini haijaandikwa.

Mwaka jana shamba letu la karibu na mto lilitoa mifuko 31 ya mahindi. Mwaka wa mbele yake ilikuwa 24. Bwana Prefe alitangaza, tukapiga makofi. Sufuria ilikua. Lakini wadogo wa meza za mwisho walikuwa wanakula sawa zamani, na siku zingine walikuwa wanakula kidogo kuliko zamani.

Kwa nini? Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyevunja mlango wa depo. Kugawa kulianza kila siku ku meza ya finalisti, na mwenye kushika kijiko kikubwa alikuwa mmoja wa sisi. Meza tatu za kwanza kijiko kilijaa. Ku meza za katikati kilikuwa nusu. Ku meza za mwisho kilikuwa kinapiga chini ya sufuria, unasikia sauti yake. Mimi kapita wenu nilikuwa ninakaa ku meza ya kwanza. Niliona maharagi ku sahani yangu, nikafikiri maharagi inatosha watu wote. Mwenye kushiba ni vigumu kusikia sauti ya kijiko ku chini ya sufuria.

Siku moja mangaribi wadogo hawakuingia kula. Walisimama inje, na sahani ku mkono, kimya. Hakukuwa jiwe, hakukuwa matusi. Mama wa jikoni alitoka akawaangalia, kisha akanigeukia akasema: «Kapita, chakula iko. Ni mukono wa kugawa njo iko mubaya.»

Tulikaa na mwalimu wa bweni, tukapatana mambo manne. Kwanza, kila asubuhi inaandikwa ku tablo ya jikoni: mifuko mingapi imebaki, kilo ngapi za maharagi zinapikwa leo. Pili, meza ya kuanza inabadilika kila siku. Tatu, mwenye kushika kijiko anakula nyuma ya wote. Nne, anachaguliwa kila mwezi na meza zote, hata za wadogo, na asiyegawa vizuri hachaguliwi tena.

Mushike mambo haya manne. Kwa maoni yangu, demokrasia yote iko ndani yake: hesabu inayoonekana, zamu, mkubwa anayejua kwamba ataulizwa, na sauti ya mdogo inayohesabiwa sawa na ya mkubwa.

3. SHABA YETU NA KOBALTI YETU

Sasa tutoke jikoni, twende barabarani. Huku kwetu Katanga kila mtoto anajua kamyo zinazopanga mstari kwenda Kasumbalesa. Mwaka 2023 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 2.5 za shaba, ikawa kati ya inchi za kwanza duniani. Na kwa kobalti, ile ya kutengeneza bateri za telefone na za motokari za umeme, karibu sehemu 70 katika 100 za kobalti yote iliyochimbwa duniani zilitoka kwetu. Njo maana mwaka 2022 na mwaka 2023 uchumi wa Kongo ulikua kwa zaidi ya asilimia 8. Radio ya yule mtoto ilisema kweli.

Lakini Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2024 karibu watu 73 katika 100 wa Kongo walikuwa wanaishi na chini ya dola 2.15 kwa siku. Namba mbili hizi ni za inchi moja. Zinawezaje kukaa pamoja?

Wazee wetu watakuambia juu ya Gécamines. Union Minière ilikuwa imechukuliwa na Serikali mwanzo wa 1967, na kompani ya Serikali ikaendelea na kazi. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Tani zile ni kidogo kuliko tani za leo, mara tano na zaidi! Lakini mfanyakazi alikuwa na nyumba, na hospitali, na masomo ya watoto, na mufuko wa unga kila mwezi. Basi shaba ilikuwa kidogo na meza zilikuwa nyingi. Lakini tusiote ndoto: kijiko cha wakati ule kilikuwa ku mkono wa kompani na wa wakubwa wa Serikali peke yao, hakuna mtu aliyeweza kuuliza hesabu. Feza za kutengeneza mashini zilitumiwa kwa mambo mengine. Mwezi wa tisa 1990 mgodi wa Kamoto ulianguka, na mwaka 1994 shaba yote ya Gécamines ilikuwa chini ya tani 40,000. Wale ambao hawakuwa na sauti wakati wa kugawa, njo wao walilipa wakati wa kuanguka.

Na leo? Kuna sababu tatu za sufuria kukua bila sahani kujaa.

Ya kwanza: mgodi wa leo unafanya kazi na mashini. Kamyo moja kubwa inabeba mzigo ambao zamani ungeomba mikono ya mamia ya watu na lapelo. Tani zinapanda, watu wa kazi hawapandi kwa kipimo kile kile.

Ya pili: sehemu kubwa ya faida ni ya wenye mali, na wengi wao wako inchi za inje. Pato la inchi linahesabu kitu kilichotoka ku udongo wetu. Haliulizi feza ililala wapi usiku.

Ya tatu: masikini analipwa franka, na vitu vingi vinafuata dola. Mwanzo wa 2023 dola moja ilikuwa karibu franka 2,000. Mwisho wa mwaka ule ilipita franka 2,600. Mwaka uleule unga wa mahindi ulipanda sana huku kwetu na kule Kasai. Mama anayeuza mboga sokoni hakuona asilimia 8. Aliona meka ya unga.

4. KUBADILISHA MIKONO HAITOSHI

Wengine wanasema: «Dawa ni nyepesi. Twende tunyanganye, tugawe.» Tulisoma katika historia kwamba jambo hili lilijaribiwa. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza zairianizasyo: magazini, mashamba na biashara za wageni zikapewa wana wa inchi. Kwa masikio ni maneno matamu. Lakini nani alipewa? Si yule wa meza ya mwisho. Walipewa zaidi wakubwa wa chama, na jamaa yao, na rafiki zao. Wengi hawakujua biashara. Waliuza vitu vilivyokuwa ku etajeri, hawakununua vingine. Magazini zikabaki matupu, kazi zikapotea, na mwaka 1976 Serikali ikaanza kuwaita tena wenye mali wa zamani.

Mafundisho yake ni haya: ukitoa kijiko ku mkono mmoja na kukiweka ku mkono mwingine, bila tablo, bila zamu, bila kuulizwa, hujagawa kitu. Umebadilisha tu meza ya kwanza.

5. SHERIA INASEMA NINI?

Hapa ninaomba wadogo na wakubwa wafungue masikio, kwa sababu wengi hawajui. Sheria ya Madini ni ya mwaka 2002, nayo ilirekebishwa mwezi wa tatu 2018. Inasema kwamba kompani inalipa redevansi juu ya thamani ya madini inayouza. Kwa shaba ni 3.5 katika 100. Kwa kobalti, kwa kuwa Serikali iliitangaza mwaka 2018 kuwa madini ya maana kabisa, ni 10 katika 100.

Tuseme kobalti imeuzwa dola 1,000. Redevansi ni dola 100. Dola 100 zile sheria inazigawa hivi:
- dola 50 zinaenda Serikali ya Kinshasa;
- dola 25 zinaenda jimbo;
- dola 15 zinaenda komini, sekta ao sheferi ambako mgodi uko;
- dola 10 zinawekwa kwa fuko la vizazi vinavyokuja, maana yake sisi na watoto wetu.

Tena kompani inapaswa kutoa 0.3 katika 100 ya feza yote ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa mahali. Na Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema kwamba sehemu 40 katika 100 za mapato ya taifa ni za majimbo, na jimbo lizizuie palepale zinapoingia. Jambo hili la mwisho halijafuatwa sawa vile lilivyoandikwa. Kwa miaka mingi majimbo yamekuwa yanangojea Kinshasa irudishe sehemu yao.

Mnaona? Kwa karatasi, kijiko kimepimwa. Meza ya mwisho imeandikwa ndani ya sheria, na namba yake ni 15. Lakini nani kati yetu anajua komini yake ilipokea ngapi mwaka jana? Nani ameona namba ile ku tablo? Sheria bila tablo ni kama kijiko katika giza.

Nisiseme mabaya peke yake. Katiba hiyo hiyo iliandika kwamba masomo ya msingi ya Serikali ni bure. Maneno yale yalilala miaka 13, kisha mwaka wa masomo wa 2019 yalianza kufuatwa, na watoto wengi sana waliingia kalasini. Kwa sekondari wazazi wanaendelea kulipa. Wadogo wa yule rafiki yetu wa kalasi ya saba wako kalasini leo kwa sababu ya mstari mmoja wa Katiba ambao watu hawakuacha kuuomba.

6. KWA NINI DEMOKRASIA INAUMWA NA JAMBO HILI

Mwaka 2006, nyuma ya miaka mingi bila uchaguzi wa kweli, Wakongo walipiga kura. Wazazi wetu wanasimulia mistari iliyoanza saa kumi ya usiku. Kwa watu 100 walioandikishwa, karibu 70 walikuja. Mwaka 2011 walikuja karibu 59. Mwaka 2018, karibu 48. Mwaka 2023, kidogo zaidi ya 40. Sababu ni nyingi: barabara mbaya, mashini zilizochelewa, vita. Mwaka 2023 watu wa Masisi na Rutshuru hawakuweza kupiga kura sababu ya vita. Lakini iko sababu moja ambayo munaisikia ku kila kartie: «Nilipiga kura mara tatu. Sahani yangu ni ileile.»

Njo hatari ya kwanza: watu wanachoka. Wa meza ya mwisho wakiacha kusema, wa meza ya kwanza wanabaki wanachaguana.

Hatari ya pili: mwenye mali nyingi anaweza kununua sauti. Huku kwetu ni kilo ya chumvi, kikwembe, tishati, chupa ya bière. Mutu anasema: «Tule kwanza, tutaona nyuma.» Lakini kikwembe kinapasuka mbele ya mwaka kuisha, na yule mtu atakaa miaka 5. Tusimcheke masikini anayepokea; njaa haifundishi hesabu ya mbali. Njo maana tofauti kubwa ya mali ni ugonjwa wa demokrasia yenyewe, si wa tumbo peke yake.

Hatari ya tatu: watu waliochoka wanatamani mtu mmoja mwenye nguvu, aseme: «Muniachie kila kitu, musiniulize, nitawalisha.» Wazee wetu walisikia wimbo huu toka Novemba 1965, na wanajua namna ulivyomalizika.

Tusifikiri ni ugonjwa wa Afrika tu. Huko Marekani, inchi tajiri, mtu 1 katika watu 100 wa juu kabisa wana karibu sehemu 30 katika 100 za mali yote ya watu. Nao wanabishana kila uchaguzi juu ya nguvu ya feza ndani ya siasa.

7. TUANGALIE BOTSWANA

Mwalimu wetu alisikia tunalalamika kwamba madini ni laana. Akatuambia: «Musiseme vile. Muangalie Botswana.» Basi tuliangalia karata.

Botswana ni inchi kavu, zaidi ya Zambia upande wa kusini. Ilipopata uhuru mwaka 1966 ilikuwa kati ya inchi masikini kabisa za dunia, na barabara ya lami ya kilometa 12 tu. Mwaka 1967 diamanti ilionekana Orapa. Udongo ule ulikuwa wa Bamangwato, kabila la Rais Seretse Khama mwenyewe. Angeweza kusema: «Ni yetu.» Lakini mwaka uleule sheria iliweka madini yote ku mkono wa taifa, kwa makabila yote. Kisha Serikali ikajadiliana na kompani ya De Beers mpaka ikapata nusu ya kompani ya migodi, Debswana. Feza zikajenga barabara, masomo na hospitali, na uchaguzi ukafanywa kila miaka 5 bila kukosa. Kwa miaka mingi uchumi wa Botswana ulikuwa kati ya zile zilizokua upesi kuliko zote duniani.

Ni paradiso? Hapana. Kumbukeni Gini. Hesabu ya mwaka 2015 ilionyesha Botswana ku 53, kati ya inchi zenye tofauti kubwa kabisa duniani. Diamanti nayo inafanya kazi na mashini. Vijana wengi wenye diploma walikosa kazi. Na mwaka 2023 na 2024 diamanti ilipouzwa vibaya, sababu watu wa inje walinunua kidogo na diamanti za kutengenezwa kiwandani ziliingia sokoni, shida ikaonekana wazi.

Sasa musikilize kilichotokea. Tarehe 30 Oktoba 2024 watu walipiga kura. Chama kilichotawala miaka 58, toka uhuru, kilibaki na viti 4 tu vya kuchaguliwa katika Baraza. Rais Masisi alikubali kwamba ameshindwa, na Duma Boko akaapishwa. Hakuna risasi iliyopigwa, hakuna daraja lililovunjwa. Wale wa inje walisimama na sahani zao, wakahesabiwa, na mwenye kijiko akakitoa.

Ninajua Botswana ni ndogo, watu kama milioni mbili na nusu, na sisi tunapita milioni 100, tena tumepigwa na vita. Hatuwezi kuinakili kama kaye ya jirani. Lakini inatufundisha mambo mawili. Kwanza: hata sufuria ikitunzwa vizuri, mgawanyo hauji wenyewe, unaombwa kila siku. Pili: kura haijazi sahani mara moja, lakini inawapa wenye sahani tupu njia ya kusema bila kuua na bila kuuawa. Hii si kitu kidogo.

8. NA SISI TUFANYE NINI?

Wengine watasema: «Kapita, sisi ni wanafunzi, mambo haya ni ya wakubwa.» Ninajibu hivi.

Tujue namba. Kila mmoja aweke ndani ya kaye yake: 50, 25, 15, 10. Siku ya liva aulize burgumesta wake ao mkubwa wa sekta yake, kwa heshima na kwa maandishi: 15 yetu ilifika? Ilifanya kazi gani? Mkubwa mwema atafurahi kuulizwa. Asiyefurahi, tumejua kitu.

Tusiuze sauti. Wale ambao tuna miaka 18, uchaguzi unaokuja ni wa kwanza kwetu. Chumvi ya mtu si deni. Ukiipokea kwa njaa, kura yako inabaki yako, na ndani ya sanduku uko peke yako.

Na kila mtu agawe vizuri kwa kijiko alicho nacho leo: sanduku la kalasi, feza ya ekipi ya mpira, sabuni ya bweni. Mtu hafundishwi uaminifu siku anapokuwa waziri.

Hapa ninapaswa kuungama neno moja. Ile tablo ya jikoni, mwezi wa kumi na mbili ilikaa wiki mbili bila kuandikwa. Kre ilikuwa imeisha, tukasema tutanunua kesho, na kesho tena. Wiki mbili tu! Na kijiko kikaanza tena kuinama upande wa meza zetu za wakubwa. Hakuna aliyekiamuru. Kinainama chenyewe, sawa maji yanavyofuata mteremko. Mtoto mmoja wa meza ya mwisho njo alinunua kre kwa franka zake, akaiweka ku mkono wangu bila kusema kitu. Nilisikia haya.

Alikuwa yule yule wa kalasi ya saba. Alirudi masomoni nyuma ya siku tisa. Baba yake aliuza kinga lake, akalipa nusu. Ile nusu ingine bado inamungojea, na mimi njo nitasoma tena liste. Kwa hiyo sijampa jibu lenye kulipa minervali. Nimempa hili tu: ndugu yangu mdogo, hukukosea kuuliza. Inchi inakua, ni kweli. Papa yako hakuona kitu, ni kweli vilevile. Katikati ya kweli mbili hizi kuna kijiko, na kijiko kina mkono, na mkono unaweza kuulizwa.

Endelea kuuliza. Na kre ikiisha, uniambie.

Ni mimi kapita wenu,
wa kalasi ya mwisho.